Malkia Akitoka Mapema

Siku waliyoniaga shuleni, hotuba zikiwa zimekwisha na pilau ikianza kupoa, Mwalimu Kioko alinivuta kando penye tangi la maji. Yeye ndiye aliyepewa klabu ya chesi niliyoiacha. Ni kijana mwenye bidii, na kwenye simu yake ana programu inayocheza vizuri kuliko sisi wote tukijumlishwa pamoja.

"Madam," akaniuliza, "wale wasichana wapya wote wanatoa malkia hatua ya pili. Niwakataze?"

Nikamwambia inategemea. Akanitazama kwa ile heshima ambayo watu humpa mstaafu asiyejibu swali, kisha tukaitwa kukata keki.

Tangu siku hiyo niko nyumbani na kuku wangu, ambao hawahitaji ushauri wa mtu yeyote, na swali la Kioko halijaniacha. Ndiyo sababu naandika, kwake na kwa walimu wengine watakaokabidhiwa klabu hizi kwa sababu tu walikosa mkutano siku kazi zilipogawanywa. Vyeo na mishahara sitavitaja. Mliomo kazini mnavijua, na habari zake hazijawahi kumchangamsha mtu.

Nilianza kazi ya ualimu katika shule ya kutwa karibu na Tulia, kule Kitui, nikifundisha hesabu. Siku ya kwanza nilipewa chaki, kifutio kisicho na sponji, na, katika chumba cha walimu, kiti kilichokuwa na mguu mmoja mfupi. Mezani, kati ya chupa ya chai na rundo la vitabu vya kusahihisha, palikuwa na ubao wa miraba myeusi na myeupe. Mwenye ubao alikuwa Mwalimu Musyoka, mzee mnene, mpole, aliyefundisha kilimo. Malkia wake mweusi alipotea zamani, na mahali pake alisimamisha kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi.

"Unajua chesi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Keti basi. Si unajua hesabu?"

Alinionyesha jinsi kila kete inavyotembea, kisha akanifunga kwa hatua nne. Wakati wa mapumziko ya pili akanifunga vilevile. Kesho yake nilikuja nimejiandaa, maana yake ni kwamba nilifungwa nikiwa na wasiwasi zaidi.

Nieleze kwa ajili ya asiyeujua mchezo. Kila upande una mfalme, na mfalme akibanwa asiwe na pa kwenda, mchezo umekwisha. Malkia ndiye kete yenye nguvu zote: huenda mbele, nyuma, kando na mshazari, hata umbali wa ubao mzima. Mbele ya safu ya kwanza wanasimama askari wadogo wanane. Mmoja wao, karibu na mfalme, ana bahati mbaya: hana mlinzi mwingine ila mfalme mwenyewe. Musyoka alikuwa anasogeza askari wa kati, kisha mara moja anamtoa malkia mpaka pembeni, halafu anamleta askofu, kete inayokwenda mshazari tu, na wote wawili wanamkodolea macho yule askari mnyonge. Mimi nisipotambua, malkia anamla, mfalme wangu anabanwa pale pale aliposimama, na Musyoka anarudia chai yake kabla haijapoa.

Nilimwomba anionyeshe jinsi ya kuuzuia mtego huo. Akakataa. "Nikikuonyesha, utakumbuka leo peke yake."

Dawa yake niliiona nikisimamia mtihani. Wakati huo mwalimu haruhusiwi kusoma wala kusahihisha, kwa hiyo nilikuwa natazama vioo vya dirisha, na vilikuwa vya mraba. Nilipanga kete zangu kwenye vioo vile. Kwanza farasi, kete inayoruka juu ya nyingine, atoke kumlinda askari wa kati. Kisha askofu wake akija, nisimkimbilie malkia, nisukume tu askari mmoja wa pembeni hatua moja, nimzibe njia. Malkia atabidi ahame. Nikacheka peke yangu, na watahiniwa wakainua vichwa.

Kesho yake nilimzuia. Musyoka alitazama ubao, akakata andazi lake katikati, akanipa nusu. "Sasa," akasema, "tunaanza kucheza."

Nilikaa naye miaka mingi pale, na mengi ninayoyajua ya kazi hii ni yake. Alikuwa akimwacha mtoto akosee hadi mwisho, bila kukohoa wala kuguna. Jaribuni siku moja. Ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

Baadaye nilihamishwa nikaenda Makueni, shule ya bweni ya wasichana upande wa Kalamba, na huko nikaanzisha klabu yangu mwenyewe. Kuhusu vifaa nina machache. Msinunue mbao za karatasi ngumu, mchwa wanazipenda kuliko wasichana. Mwombeni fundi anayetengeneza madawati awape vipande vya plaiwudi, mchore wenyewe kwa rangi ya mafuta. Mkinunua kete, tafuteni malkia wa akiba. Malkia ndiye hupotea kwanza, nadhani kwa sababu ndiye anayetembea sana.

Sasa nije kwenye swali la Kioko. Muhula wa kwanza sikuwahi kumkataza mtu kutoa malkia mapema. Anakuja msichana wa kidato cha kwanza ambaye katika shule ya msingi hakuwahi kuinua mkono. Anajifunza shambulio lile Jumatano, na Alhamisi anamfunga dada wa kidato cha tatu, na bweni zima linapata habari. Msichana huyo hatatoka kwenye klabu tena. Ubora mwingine ni kwamba shambulio hilo linamwuliza mpinzani swali mapema: uko macho? Wengi hawako. Wengine hushtuka na kumsukuma askari wa pembeni papo hapo, na malkia anameza askari wa kati, anamtishia mfalme, kisha anajichukulia ngome iliyoachwa wazi kwenye kona. Hata mabingwa wakubwa wamejaribu mara mojamoja, kumtoa mtu kwenye vitabu alivyokariri.

Ubaya wake huonekana ukikutana na mtu aliye macho. Malkia wako yuko nje peke yake. Farasi wa mpinzani anatoka, na kwa kutoka kwake anamfukuza malkia. Wewe unahama. Farasi wa pili anatoka, anamfukuza tena. Unahama tena. Mwenzako amepanga jeshi lake lote uwanjani kwa gharama yako, na wewe umemtembeza mtu mmoja. Mtu hulielewa hilo akishafukuzwa, na kwa kawaida wasichana wangu walilielewa kufikia muhula wa pili, bila mimi kupaza sauti.

Mumbua ndiye hakutaka kulielewa. Leo ni mtu mzima na amenipa ruhusa nimsimulie.

Alikuja kidato cha kwanza kutoka Mtito Andei, msichana mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Mama yake ana hoteli kando ya barabara ya Mombasa, chapati na maharagwe, chai, mchuzi wa mbuzi siku za wikendi. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Mumbua alifika akiwa anajua chesi tayari, jambo ambalo kwetu lilikuwa nadra. Malkia wake alitoka hatua ya pili, kila mchezo, na alicheza haraka kama mtu anayepanga vikombe. Kufikia katikati ya muhula alikuwa amefunga klabu nzima.

"Nani alikufundisha?" nikamwuliza.

"Baba." Na uso wake wote ukafunguka. "Akipita na lori tunacheza akinywa chai."

Alipofika kidato cha pili nilianza kumfundisha upande wa pili wa mambo, yaani jinsi malkia huyo anavyozuiwa. Hapo ndipo nilipoanza kuona vituko. Nikipanga kete kwa somo hilo, Mumbua anaumwa tumbo. Wiki inayofuata ni zamu yake kufagia bwalo. Nyingine amesahau kitabu bwenini, na anakitafuta mpaka kengele inalia. Mwishowe nahodha wa klabu akaniambia waziwazi, "Madam, Mumbua hataki hiyo somo. Ukianza tu kuionyesha anaangalia dirisha."

Nilidhani ni kiburi cha mshindi. Nimewaona wengi, nami nikaamua kumwachia ubao umfundishe.

Ubao ulimfundisha mjini Wote, kwenye mashindano ya shule za kaunti. Alishinda michezo yake ya asubuhi kabla wengine hawajamaliza kufuta miwani. Mchana akapangwa na msichana mdogo aliyevaa sweta kubwa kuliko yeye. Mumbua akamtoa malkia. Msichana yule akatoa farasi, akamlinda askari wake. Mumbua akaleta askofu. Msichana akasukuma askari wa pembeni hatua moja, polepole, kisha akaweka mikono mapajani. Malkia akarudi nyuma kidogo, akamlenga tena yule askari mnyonge. Farasi wa pili akatoka, akaziba. Baadaye farasi wa kwanza akaruka katikati, akamtishia malkia na papo hapo akainyemelea ngome ya kona. Mumbua aliokoa malkia, akapoteza ngome, na baada ya hapo ilikuwa ni kungoja tu.

Wengine wakishindwa hulia au hulaumu mwanga. Mumbua alikaa akiutazama ule ubao hata baada ya mwenzake kuondoka. Alionekana kama mtu aliyesikia jambo ambalo alikuwa ameziba masikio asilisikie.

Jumatatu alinijia chumba cha walimu, akasimama mlangoni. "Madam, nataka kutoka klabu."

"Kwa sababu ya mchezo mmoja?"

"Hapana." Alikuwa anavuta uzi wa sweta yake. "Ni kwa sababu sasa nimeiona."

"Umeona nini?"

Nikamkaribisha ndani, na polepole akanieleza. Lori la baba yake lilikatika breki kwenye mteremko, mwishoni mwa mwaka ule aliojiunga nasi. Baba hakufa, lakini mguu wake mmoja haukupona vizuri, na hakurudi tena barabarani. Tangu hapo hukaa nyuma ya hoteli ya mama yake, penye kuni, na maneno yake yanaweza kuhesabika. Madereva wenzake walikuwa wakija kumsalimia mwanzoni, kisha wakapungua.

"Likizo nikienda nyumbani tunacheza chesi," Mumbua akasema. "Anatoa malkia, ananifunga. Halafu anacheka, Madam. Mama anatoka jikoni kumwona akicheka. Sasa nimeona vile inazuiwa. Siwezi kujifanya sijui. Ananijua, atajua namwachia."

"Kwa hivyo utafanya nini?"

"Nitamwambia shule imefuta chesi."

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote na nimezoea maswali yenye majibu nyuma ya kitabu. Hili halikuwa nalo. Alikuwa ameukwepa ujuzi mwaka mzima, kwa tumbo, kwa ufagio, kwa dirisha, ili babake abaki mshindi wa kitu kimoja duniani. Nilitamani kumkumbatia, lakini mlango ulikuwa wazi na mwalimu mkuu alikuwa anapita na wageni. Nikampa chai.

"Usimwambie hivyo," hatimaye nikasema. "Siku ya kufunga shule nitawasindikiza nyinyi wa Mtito. Nitacheza naye mimi. Nikimzuia, atakuwa amezuiwa na mwalimu. Hiyo si aibu."

Akafikiri. "Na ukishindwa?"

"Basi atacheka, na wewe utarudi klabu."

Hapo akatabasamu kidogo.

Tulifika Mtito Andei mchana, jua likiwa kali na malori yamepangwa kandokando ya barabara. Mama Mumbua alitupokea akiwa na unga hadi viwiko. "Karibu, Mwalimu, karibu! Mumbua, mletee Madam kiti kile kizuri." Alinipa chai kabla sijaketi. Nilipomwambia nimekuja kucheza chesi na mzee wake, alipangusa mikono kwenye leso yake. "Atafurahi," akasema kwa sauti ya chini. "Sijui kama ataonyesha."

Baba Mumbua alikuwa nyuma, kwenye kivuli cha mabati, mguu umenyooshwa juu ya kreti ya soda. Mtu mpana, mwenye mabega ya usukani. Aliniamkia kwa adabu, akauliza habari za safari, kisha maneno yakamwishia. Ubao ulikuwa juu ya stuli kando yake, kete zimeshapangwa. Nilielewa kwamba zilipangwa tangu asubuhi, kwa sababu alijua leo shule zinafungwa.

Nikavuta kiti. "Nimesikia sifa zako, Baba Mumbua. Nimekuja unifunze."

"Asante, Mwalimu." Akainua mkono. "Lakini wewe ni mgeni, kunywa chai kwanza. Hebu huyu mtoto aanze. Sijamwona muhula mzima."

Kumkatalia mtu mwaliko kama huo kwake mwenyewe, sikuweza. Mumbua alinitazama. Mimi nikatazama kikombe changu.

Akaketi. Baba akasogeza askari wa kati, naye akasogeza wake. Malkia akatoka mpaka pembeni, na baba akamwachilia kwa kidole kimoja, kwa madaha. Mumbua akatoa farasi. Askofu akaja. Sasa wote wawili, malkia na askofu, walikuwa wanamtazama yule askari asiye na mlinzi.

Mkono wa Mumbua ulielea juu ya ubao. Uligusa farasi wa pili. Angemtoa wakati huo, mchezo ungeishia hapo na mzee angecheka. Niliona vidole vyake vikimshika farasi yule, vikimwachia. Kisha akamsukuma askari wa pembeni hatua moja.

Baba yake alimrudisha malkia nyuma kidogo, akalenga tena. Farasi wa pili akatoka, akaziba. Mzee akamkimbiza askari wake mmoja mbele ili amfukuze farasi huyo, na Mumbua, sasa machozi yanamdondoka, akarusha farasi wa kwanza katikati. Malkia alikuwa ametishiwa, na kona ya ngome pia. Mahali salama zaidi pa kuokoa vyote viwili palikuwa pale pale alipoanzia. Baba Mumbua alimchukua malkia wake, akamrudisha nyumbani, karibu na mfalme.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, hamimini.

"Mumbua," baba akasema. "Unalia nini na ni wewe unashinda?"

"Nilitaka ushinde wewe."

"Mimi?"

"Ukishinda ndiyo unacheka."

Mzee aliangalia ubao, akaangalia mguu wake, akamwangalia bintiye.

"Sikia," akasema. "Mimi hucheka kwa sababu umekuja. Kwani unafikiri nacheka malkia?" Akasugua uso kwa kiganja. "Nilikuwa namtoa haraka kwa sababu lori limewashwa, watu wanangoja, na mimi nataka tumalize moja kabla niondoke. Hakukuwa na mchezo mwingine ningeweza kucheza na wewe. Nani amekufunza hii?"

"Madam. Na msichana mmoja Wote."

"Wamekufunza vizuri." Akanigeukia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyoniangalia usoni. "Asante, Mwalimu." Kisha akamwambia Mumbua, "Pangusa macho. Endelea. Leo sina mahali naenda."

Wakaendelea. Mumbua alisukuma askari wa kati, akatoa askofu wake. Mama akakumbuka birika, akatumiminia sote, akavuta gunia la makaa akaketi juu yake. Hatua chache baadaye Mumbua alimshika mfalme wake, akamrusha miraba miwili kuelekea kwenye kona, kisha akaichukua ngome akaipitisha juu yake, ikakaa upande wa pili.

"Ngoja," baba akasema. "Umefanya nini hapo?"

"Nimemficha mfalme."

"Kete mbili kwa mara moja? Hiyo inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa, Baba. Mara moja tu katika mchezo. Hujui?"

Nikaelewa kabla hajajibu. Maskini, alikuwa amecheza chesi miaka yote hiyo, kwenye vituo vyote kutoka Mombasa hadi mpakani, na michezo yake ilikuwa inakwisha mapema mno.

"Sijawahi kufika hapo," akasema.

Mumbua alizirudisha kete zake mbili mahali zilipokuwa na akafanya tena, polepole: mfalme miraba miwili, ngome juu yake. Baba aliinama hadi paji la uso likakaribia ubao.

"Na mimi naweza?"

"Unaweza. Lakini farasi wako anaziba. Mtoe kwanza."

Akamtoa farasi. Mumbua akacheza hatua yake, na zamu ikarudi kwa mzee. Akamshika mfalme kwa vidole viwili, akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili," akamweka. Akaichukua ngome na kuinua macho kumwuliza bintiye, naye akatikisa kichwa kwamba ndiyo, hapo hapo. Akaitua.

Alikaa akiutazama mfalme wake nyuma ya askari watatu, mmoja wao akiwa ameshakimbia mbele peke yake.

"Kumbe kuna haya yote," akasema. "Sasa ni zamu ya nani?"

"Yangu," Mumbua akasema, akavuta kiti karibu.